Risala ya Kikundi cha Wasikilizaji wa Redio, Likoni, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenyekiti wetu, wazee wa mitaa, kina mama na vijana wenzetu: Assalamu alaikum, na habari za mchana.

Karibu sana Likoni. Umevuka maji kuja kwetu, na foleni ya feri umejionea mwenyewe. Basi tuanze hapo hapo.

Asubuhi moja feri iliharibika. Watu walijaa mteremkoni: wanafunzi, wagonjwa wa kliniki, na mama mmoja muuza samaki aliyejitwika ndoo, barafu inayeyuka, maji yanamtiririka shingoni. Mwenzetu alikuwa na redio ndogo. Akazungusha stesheni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zinasimulia msongamano wa Thika Road. Stesheni tatu, mwenyewe mmoja, habari zinapikwa Nairobi. Yule mama akatua ndoo, akauliza: "Wanangu, hiyo redio yenu haitujui?" Swali hilo ndilo lililozaa kikundi hiki.

Mheshimiwa, Mombasa haikuwa mji wa kusimuliwa tu. Gazeti la Standard lilizaliwa papa hapa mwaka 1902, kwa mkono wa A. M. Jeevanjee, likahamia Nairobi mwaka 1910. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akisema na watu wa mji wake kwa Kiswahili, juu ya mambo yao.

Leo kampuni moja yaweza kushika gazeti, runinga na msururu wa redio. Royal Media Services, kwa mfano, ina runinga ya Citizen pamoja na redio zaidi ya kumi za lugha mbalimbali. Hatuwalaumu waandishi, wengi ni watoto wetu na wanajituma. Hofu yetu ni mlango kuwa mmoja. Tajiri mmoja akiamua jambo lisisemwe, halisemwi kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine yoyote aliyonayo.

Wenzetu ng'ambo walishapambana na jambo hili. Mwaka 2003 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ililegeza masharti ya umiliki wa vyombo vya habari kwa kura 3 dhidi ya 2. Raia wa kawaida, wa mrengo huu na ule, wakaimiminia barua za kupinga. Kikundi kidogo cha redio za jamii kutoka Philadelphia, Prometheus Radio Project, kikaenda mahakamani, na masharti yale yakasimamishwa kabla hayajaanza kutumika. Kesi zilivutana hadi mwaka 2021, Mahakama ya Juu ilipoipa FCC ushindi. Walishindwa mwishoni, hatufichi. Lakini kwa miaka mingi wakubwa wale hawakulala, na sisi hilo latutosha kutupa moyo.

Nasi tumeanza. Tumekusanya saini sokoni Kongowea, kwenye feri, nje ya misikiti baada ya Ijumaa na nje ya makanisa Jumapili. Wengine walitufukuza wakidhani twatafuta kura. Kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Twaomba sheria iweke kikomo cha vyombo anavyoweza kumiliki mtu mmoja, na majina ya wamiliki halisi yawe wazi kwa yeyote anayetaka kuyajua. Zaidi ya yote, masafa ya redio za jamii yalindwe, na ada zake ziwe za kimo cha mfuko wa kikundi kama chetu.

Mheshimiwa, bahasha iliyo mbele yako ndiyo yenye saini hizo. Twakuomba uifikishe Bungeni kwa mkono wako, kisha urudi utuambie imepokewa na nani. Yule mama wa samaki amekaa safu ya pili, kwa leso ya kijani. Alama ya kidole chake iko ukurasa wa kwanza.

Ahsante.

Ni sisi wanakikundi, Likoni, Mombasa.