Unywele mmoja

Zanzibar, Jumapili jioni

Somo yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ingawa kaskazi imeshika na joto la usiku halitupi usingizi.

Juzi kwenye simu uliniuliza nina nini, nikakwepa. Nilikuwa nimetoka Paje, na moyo ulikuwa umenishuka. Kile kipimajoto nilichokwambia, tulichokitengeneza na wanafunzi wa mwaka wa tatu na kukifungia ndani ya kopo, tulikizamisha katikati ya mashamba ya mwani tangu bamvua moja hadi la pili, kiandike joto la maji kila dakika kumi. Tulipokifungua, maji yakamwagika mezani. Betri imeliwa, saketi imeota kutu ya kijani, kadi haisomeki. Wiki mbili za kazi zikapotea.

Tukatafuta maji yalipopitia. Ilikuwa kwenye oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji kwenye mfuniko: unywele mmoja, umekingama juu ya mpira. Aliyefunga kopo ni kijana hodari kuliko wote darasani. Aliutazama ule unywele, akanyamaza kimya, na mimi nikashindwa kumgombeza kwa sababu wa kukagua nilikuwa mimi. Siku ile maji yalikuwa yameanza kujaa, nikaona tutachelewa, nikasema zamisheni tu.

Najua wewe mtu wa umeme utauliza: kina cha mita mbili, maji yangeingiaje? Mimi pia zamani nilidhani hatari iko kilindini. Kweli, kila ukishuka mita 10 bahari inakuongezea uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, na mkondo wa Pemba una kina cha mita 800 hivi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Lakini kilindini ule uzito huukandamiza mpira ukakaa mahali pake. Paje hakuna wa kuukandamiza ila mkono uliokaza skrubu. Tena maji yakipwa, kopo linabaki juani na hewa ya ndani inatanuka. Maji yakirudi inapoa ghafla na kujikunja, kopo likawa linanyonya. Linanyonya tena na tena, somo, na unywele umeshafungua njia.

Na huwezi kukiuliza chombo hali yake kikiwa chini. Mawimbi ya redio hayafiki mbali kwenye maji ya chumvi. Kinachosafiri huko ni sauti, mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, ila mitambo ya kuitumia ni ghali kwetu. Hata yale maboya ya Argo, yanayozama hadi mita 2,000 kupima joto na chumvi duniani kote, kila siku kumi hivi huibuka juu ndipo yaongee na setilaiti. Wanafunzi wangu hilo linawagusa sana. Chombo chao wakishakizamisha kinabaki peke yake, na walichokosea ufukweni hawawezi tena kukirekebisha.

Baada ya hasara ile niliwapeleka Nungwi, kwa mafundi wa majahazi. Tulikaa karibu siku nzima chini ya jahazi moja linalotiwa kalafati. Fundi anasokota pamba yenye mafuta, anaishindilia kati ya mbao kwa patasi na nyundo, hafanyi haraka. Yule kijana wangu akamuuliza, “Babu, unajuaje kama imekaa?” Akajibiwa, “Sikiliza.” Na kweli, pamba ikishashiba nyundo inabadilika sauti. Kijana akaomba nyundo, akapewa. Hakuiachia mpaka adhuhuri.

Niliporudi nikabadilisha mtihani wangu. Sasa alama 20 kati ya 100 ni za kufunga kopo: kufuta oringi, kuipitishia kidole, kuitia grisi kidogo sana, kumwita mwenzako aitazame tena. Ndani tunaweka karatasi ya chooni, tunalizamisha kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi tunatazama kama karatasi imelowa. Wako wanaonung'unika kwamba walikuja kujifunza modeli za kompyuta. Modeli nitawafundisha, ila nataka wajue tarakimu inatoka wapi kabla haijafika kwenye skrini.

Kilichoniuma zaidi ni kina mama wa mwani. Ule mwani mnene wenye bei nzuri unawafia joto linapozidi, wamebaki na ule mwembamba wa bei ndogo, na wao ndio waliotupa kamba na vigingi vyao tufungie kopo. Nilipokwenda kuwaeleza, mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, “Na pale mlipoweka si penyewe, mwalimu. Pale maji yanapita. Njoo nikuoneshe yanapolala.” Akanivusha hadi kwenye dimbwi kubwa nyuma ya mashamba. Nilitia mguu nikautoa haraka. Miaka yote ninayokwenda Paje sikuwahi kulijua dimbwi lile.

Basi bamvua la mwezi ukiandama tunazamisha vipimo vitatu, kimoja kwenye dimbwi lake. Ndiyo sababu ya barua hii hasa. Shule yenu inafunga wiki hiyo. Njoo, somo. Vijana wangu wanalehemu vibaya, na nataka saketi safari hii zifunikwe kabisa kwa epoksi, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, hata maji yakiingia yasizifikie. Mimi epoksi naimwaga inafanya mapovu, na wewe hiyo ndiyo kazi yako. Nauli ya boti kutoka Dar nimeshaiweka kando. Njoo na chuma chako cha kulehemu, chetu kimechoka, na dagaa wa Mwanza ukipata nafasi mkobani.

Nijibu kabla ya Ijumaa, nijue siku ya kukupokea bandarini.

Somo yako