Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wafugaji wa Nguruwe, Moshi

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mhazini. Ada bado zinasuasua, na wahusika wanajijua. Mimi nataka tuzungumzie zile poda zilizotugombanisha karibu kila kikao: probiotiki na pribiotiki za kuchanganya kwenye chakula cha vitoto, ambazo baadhi ya wauzaji wanadai "zinasafisha figo".

Probiotiki ni vijidudu hai vyenye faida, kama laktobasilasi na aina fulani za hamira. Pribiotiki ni chakula cha vijidudu hivyo, mfano inulini, ambayo imo hata kwenye vitunguu. Kazi yake iko tumboni. Kitoto kikiachishwa kunyonya tumbo huvurugika, bakteria wa kuharisha waitwao E. coli hupata nafasi, kuhara kunaanza. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, wafugaji wengi wa huko waligeukia vitu hivi.

Figo zinaingiaje? Protini isiyomeng'enywa ikioza tumboni hutoa amonia, ini huigeuza urea, figo huitoa kwenye mkojo. Vijidudu vizuri vikiitumia sehemu ya nitrojeni iliyomo kwenye amonia hiyo, inatoka na kinyesi, na urea ya kwenye damu inaweza kushuka. Hapo figo zimepunguziwa mzigo, hazijatibiwa. Tena kitoto kilichoharisha hadi kukaukiwa maji, urea yake hupanda hata kama figo ni nzima. Basi muuzaji akikuonyesha karatasi ya maabara yenye urea peke yake, muulize kreatinini, taka nyingine ya damu inayoonyesha kazi ya figo, iko wapi.

Mimi mwenyewe nimeliwa. Mwezi wa tatu nilinunua pakiti, nikaikoroga kwenye uji wa pumba unaofuka mvuke. Laktobasilasi hawavumilii moto ule. Wiki nzima nimewalisha nguruwe maiti za bei ghali. Mama watoto bado ananicheka. Na wanaouliza kama machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, yanatosha badala ya poda: wapeni wakubwa kwa kiasi, ila kitoto kilichoachishwa juzi msikileweshe.

Kinachoua figo kweli tunacho stoo. Mahindi yaliyowekwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo okratoksini. Denmark waliijua mapema kupitia figo za nguruwe machinjioni, zimevimba na kupauka. Figo ikifikia hapo, hakuna poda ya kuirudisha. Mwaka huu nimepita mabanda ya Kibosho na Uru: mahali pengine pumba zimeshikana mabonge na zinanuka uvundo, na chuchu ya kunyweshea maji imeziba, lakini pakiti ya probiotiki imening'inia ukutani kama kalenda.

Kwa hiyo kamati haitanunua poda kwa fedha za chama; anayetaka ajinunulie. Tumenunua maturubai mawili ya kuanikia mahindi. Yako kwa katibu. Anayeazima ayarudishe makavu.