Rula haipimi safari ya New York

Mhariri,

Binti yangu anasafiri kwenda New York mwezi ujao, na mzee mwenzangu hapa Buruburu akampimia safari kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Mstari wake ukapita juu ya Nigeria! Nami nilifundisha jiografia, nikatoa uzi na tufe la dunia, kwani dunia ni mviringo, ramani ni bapa. Njia fupi kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hupanda kaskazini-magharibi, ikavuka Sahara hadi Atlantiki: kama kilomita 11,800 mpaka JFK, uwanja wa New York. Tangu Oktoba 2018 ipo ndege isiyotua njiani, saa 15 hivi kwenda. Kurudi hupungua, upepo ukisukuma. Tafadhali, mkichapisha ramani za safari, ichoreni njia ikiwa imepinda. Mwenzangu bado anabisha, na rula hajairudisha.

Mwalimu mstaafu,
Buruburu, Nairobi