Halloween tufanye, lakini nyanya mwenye mvi mumtoe kwenye mapambo

Mhariri,

Naandika mapema kabla Oktoba haijatufika, manake ikishafika ile wiki ya mwisho hapa Malindi hakuna tena wa kumsikiliza mwenzake. Huyu anasema Halloween, ile sherehe ya usiku wa tarehe 31 Oktoba watoto wanapovaa vinyago na kubisha hodi kwa majirani wapewe switi, ni ibada ya shetani, yule anasema ni mchezo wa watoto wacheni ushamba, wanazozana kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka tarehe 31 inapita, na mwaka ukirudi tunaanza pale pale. Mimi ni mama wa binti wa miaka 5 na nyumbani kwetu tunaifanya, tena mtoto anaingoja kwa hamu kweli kweli. Ila kuna jambo moja linaniuma roho na nataka walimu wa nasari, mameneja wa mahoteli na wenye maduka walisome: ile picha ya mchawi, bibi kizee mwenye mvi na macho mekundu, iondoeni. Hayo mengine yote tutaelewana.

Kwetu iliingia na wifi yangu. Ameolewa Uskoti, anaishi Glasgow, na mwaka juzi alikuja likizo mwezi wa kumi na wanawe wawili. Wale watoto kilichowasumbua si jua wala mbu, ni kwamba Halloween itawakuta Malindi ambako hawana mtu wa kumbishia hodi. Bas tukasema tuifanye hapa hapa uani, tuite na watoto wa ploti nzima. Na ndo nikajifunza vitu ambavyo sijawahi kuviskia kwa hawa wanaobishana kila mwaka. Kule Uskoti kwa desturi yao ya zamani mtoto hapewi kitu bure bure ati kwa sababu amevaa kinyago. Akifika mlangoni lazima aimbe kwanza, au aseme shairi, au atoe kichekesho, akimaliza ndio mwenye nyumba anatoa tofaa au karanga au switi. Ile ya kusimama mlangoni na kutishia kwamba usiponipa nakufanyia kituko ilivuma zaidi Marekani. Hata lile boga la kuchongwa uso na kutiwa taa ndani si la asili, zamani Ayalandi na Uskoti walikuwa wanachonga tanipu, ule mzizi mgumu wa shambani wanaokula wakati wa baridi, wanautoboa macho na mdomo na kutia kaa la moto ndani. Waayalandi walipohamia Marekani kwa maelfu kwenye miaka ya 1840 wakikimbia njaa ya viazi, huko wakakuta maboga makubwa yanayochongeka kirahisi, na tanipu ikasahaulika.

Hiyo ya mtoto kutoa kitu kabla ya kupewa iliniingia moyoni sana. Sisi tumeweka vitendawili. Mtoto anabisha hodi, anasema kitendawili, walio ndani wanaitika tega, anatega, na mwenye nyumba akishindwa kutegua anatakiwa atoe mji, si ndivyo tulivyolelewa? Hapa badala ya mji anatoa switi. Kuna mzee mmoja wa ploti yetu, Mwislamu, ambaye Halloween hana habari nayo lakini vitendawili anavijua vyote, na kila mtoto akimtegea anajifanya ameshindwa. Binti yangu alimtegea kuku wangu katagia mwibani, mzee akashika ndevu, akatazama juu, akasema haya bwana nimeshindwa nakupa Mombasa. Mtoto akamjibu Mombasa sitaki nataka switi. Ploti nzima ilicheka mpaka leo bado wanamwita binti yangu mwenye Mombasa.

Wanaosema kuzungusha watoto mlango kwa mlango ni kuwafundisha kuombaomba, naomba wajiulize, mbona Idd watoto wa mtaa mzima wanazunguka na nguo zao mpya kwa mashangazi na majirani wanapewa pesa ya sikukuu? Wangu Mkristo anafuatana nao na anapewa kama wao na sijaskia mtu akilalamika. Na kuhusu dini, ni kweli kabla ya Ukristo Waselti, watu wa kale wa Ayalandi na Uskoti, walikuwa na sikukuu yao ya Samhain, mwisho wa mavuno, waliamini usiku ule mizimu inatembea. Ni kweli vile vile kwamba tarehe 31 ni mkesha wa Watakatifu Wote, na sisi Wakatoliki kesho yake tunakwenda misa na tarehe 2 tunawaombea marehemu wetu. Anayeona dini yake haimruhusu asifanye, namheshimu na mtoto wake sitamwita bila kumuuliza yeye kwanza. Sitaki kurefusha hapo.

Nirefushe kwenye usalama manake kuna mambo watu wanaiga picha za kule bila kuangalia huku tunaishi vipi. Mshumaa ndani ya boga mimi sitaki kuuona. Malindi na Watamu paa ni makuti, na sote tumeshaona makuti yakishika moto yanavyokwenda, upepo kidogo tu wa baharini na paa la jirani nalo limeondoka. Weka tochi ndogo au taa ya sola, usiku inang'aa vile vile. Kinyago cha plastiki nacho kinamziba mtoto macho haoni tuktuk inakuja, kwa hiyo tunachora usoni, sharubu za paka kwa wanja zinatosha kabisa. Karanga nzima na switi ngumu za duara kwa mtoto wa chini ya miaka 4 zinaweza kumpalia, na mabuyu ya kokwa pia, watu wanayasahau mabuyu kwa sababu tumeyazoea. Wale watoto wadogo nawapa kaimati, ndizi na barafu ya ubuyu. Jua huku mwezi wa kumi linazama saa 12 na dakika chache kwa hiyo huna haja ya kumkesha mtoto, sisi saa 12 tunaanza na saa 1 na nusu wote wameshaoga. Na ile nyama ya boga usitupe jamani, boga la nazi la kesho yake ndo sikukuu yenyewe kwa sisi watu wazima, mbegu unaosha unaanika unakaanga na chumvi.

Sasa nije kwa lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana nasari moja hapa mjini iliwapa watoto karatasi ya kupaka rangi. Mwanamke mzee, mgongo umepinda, jino moja, ufagio mkononi, nywele nyeupe zimetimka. Najua mwalimu hakuwa na nia mbaya, ni karatasi ya kutolewa kwenye intaneti na ziko maelfu. Binti yangu akarudi nayo ameipaka vizuri, gauni jeusi, macho mekundu, nywele ameziacha nyeupe vile vile. Mavyaa wangu alikuwa kibarazani anachambua mchicha. Mtoto akamtazama, akatazama karatasi, akasimama pale kwenye ngazi hataki kupita. Halafu akaniuliza kwa sauti, mama, nyanya naye ni mchawi? Aliuliza tu kama anavyouliza kila kitu, kwa nini mbuzi wana ndevu, kwa nini bahari inaondoka. Lakini mavyaa wangu alivuta leso akajifunika kichwa, hakusema neno, akaendelea na mchicha wake. Asubuhi akamtuma msichana wa kazi dukani akamnunulie piko, ile rangi nyeusi ya nywele.

Mtu wa nje ya kaunti hii anaweza kuona nakuza mambo, ajuza kutia nywele rangi kuna ajabu gani. Sisi wa Kilifi tunajua piko ile ni ya nini. Kwa miaka mingi hapa kwetu wazee wanauawa kwa kudhaniwa wachawi, wanavamiwa usiku nyumbani kwao, wanakatwa mapanga, na mara nyingi sana ukifuatilia nyuma ya huo uchawi unakuta shamba, kijana anataka kuuza ardhi na mzee amekataa, bas mtoto wa jirani akiugua tu neno linatoka. Mvi na macho mekundu ndo unakuwa ushahidi, wakati mvi ni umri na macho mekundu ni moshi wa kuni wa miaka 50. Kuna wazee wanaopaka nywele rangi wasitambulike. Kule Kaya Godoma, Ganze, kuna kituo kinachohifadhi wazee waliokimbia kuuawa na jamaa zao wenyewe. Mavyaa wangu ni wa huko huko Ganze, amekaa matanga ya rafiki yake aliyeondolewa namna hiyo, na alipohamia kwetu mjini alidhani hilo neno ameliacha nyuma. Likamkuta kibarazani, kwenye karatasi ya nasari, mdomoni mwa mjukuu wake.

Sheria ya Uchawi ya Kenya ipo tangu 1925 na ndani yake kumtuhumu mtu uchawi ovyo ni kosa. Lakini sheria inaanza kufanya kazi mtu akishataja, tena mara nyingi akishaua. Anayemfundisha mtoto wa miaka 4 au 5 kwamba mchawi anafanana hivi, hakuna sheria inayomgusa, na mtoto wa umri ule bado hajaweza kutenganisha cha kuigiza na cha kweli, ukimwambia mchawi ana mvi ataangalia nani ana mvi nyumbani.

Nilimweleza wifi yangu kwa simu, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba hata huko Uskoti ile sura haikutoka hewani. Kwa zaidi ya miaka 170, kuanzia sheria yao ya uchawi ya 1563 mpaka ilipofutwa 1736, watu karibu 4,000 walishtakiwa kuwa wachawi, wengi wanawake, na inakadiriwa zaidi ya nusu waliuawa. Tarehe 8 Machi 2022, Siku ya Wanawake, kiongozi wa serikali ya Uskoti wakati huo Nicola Sturgeon alisimama bungeni akaomba radhi rasmi kwa waliouawa. Kwao imepita karne karibu tatu ndo mchawi akawa katuni ya kuuzia switi, na bado wameona waombe radhi. Kwetu sisi haijapita hata wiki salama.

Na nikiwa hapo hapo niseme na makaburi ya maboksi. Mwaka 2023 kule msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka wakafa, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wengi ndani yake, na ililetwa hapa hapa mochari ya Malindi, watu walikaa nje siku baada ya siku wakisubiri kujua kama jamaa zao wamo. Halafu unapita mbele ya hoteli unakuta bustani imepangwa makaburi ya kuchezea na mkono wa plastiki unatoka mchangani. Mgeni hajui. Meneja anajua, na aliyetumwa kuchimba ule mchanga pengine ndiye aliyekuwa nje ya mochari.

Watu wataniuliza sasa mtoto avae nini. Jamani, vitu vimejaa! Avae popo, paka, simba, pweza, baharia, nahodha wa jahazi, boga lenyewe. Tarehe 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa, siku 11 tu kabla ya Halloween, na binti yangu mwaka huu anataka kuwa Mekatilili wa Menza, yule mama shujaa wa Wagiriama aliyepinga ukoloni, ambaye Waingereza walimkamata 1913 wakampeleka mpaka Kisii, akatoroka, na inasimuliwa alirudi kwao kwa miguu. Sanamu yake iko hapa mjini na mtoto tumempeleka akaiona, akauliza kwa nini hajavaa viatu. Hando lake, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, analishona mavyaa wangu kwa mkono, ameanza tangu mwezi uliopita, rinda kwa rinda, na kila jioni mtoto anavaa nusu yake na kuzunguka uani akiamrisha kuku.

Kwa hiyo walimu, muhula wa tatu ndo huu na karatasi za Oktoba mtaanza kuzitoa karibuni. Chapisheni boga, popo, paka, mwezi, chochote, ila yule nyanya msimchapishe, na mzazi akiona amechapishwa aende shuleni aongee, asinyamaze. Wenye maduka, vile vinyago vya mpira vya bibi kizee mwenye mvi msiagize tena. Mameneja, mkiwa mmeshanunua vyenu viacheni stoo, na wageni wakiuliza kwa nini havipo waelezeni, wana nyanya na wao, wataelewa. Sisi tarehe 31 saa 12 jioni tuko uani kwetu, kila mtoto aje na kitendawili chake.

Mama wa mtoto wa nasari,
Barani, Malindi