Barua ya Wazi kwa Gavana wa Georgia: Maneno Yao Yawekwe Mbele ya Mchongo Wao

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Georgia,
Atlanta.

Yah: Mchongo wa Stone Mountain na chanzo cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni mkazi wa Clarkston, mji mdogo wa Kaunti ya DeKalb ambao kwa miaka mingi umepokea wakimbizi kutoka pande nyingi za dunia, wakiwamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Kutoka kwetu hadi Hifadhi ya Stone Mountain ni mwendo mfupi wa gari, na siku za mapumziko familia zetu huenda huko kupanda mlima, kula na kupiga picha. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeituma ofisini kwako. Hii ya Kiswahili naitoa hadharani kwa sababu majirani zangu nao hulipa kodi katika jimbo hili, na jambo ninaloliomba linawahusu.

Ombi lenyewe ni hili: kwa kuwa wewe ndiwe unayeteua wajumbe wa bodi ya Stone Mountain Memorial Association, inayosimamia hifadhi hiyo, naomba uwatake waweke tamko la Georgia la kujitenga na Muungano wa Marekani, lililopitishwa tarehe 29 Januari 1861, kwa maandishi makubwa kwenye uwanja wa nyasi ulio mbele ya mchongo wa viongozi wa Kusini iliyojitenga, mahali ambapo kila mgeni atalipita. Siombi leo mchongo ubomolewe, ingawa nisingeulilia. Sheria ya jimbo ya mwaka 2001 inakataza usiguswe, usifunikwe wala usifichwe, na wewe na mimi tunajua kwamba mabishano ya kubomoa au kutobomoa yamekuwa kichaka cha kujificha wale wasiotaka kuulizwa watu hawa walipigania nini.

Anayesimama pale kwenye nyasi huwaona Jefferson Davis, rais wa Shirikisho la Kusini (serikali ya majimbo yaliyojitenga), na majenerali wake Robert E. Lee na Stonewall Jackson juu ya farasi, kila mmoja ameshika kofia kifuani kama mtu aliye msibani, na miguu ya farasi inapotelea ndani ya jiwe. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtu wa Georgia. Davis alikuwa wa Mississippi, Lee na Jackson wa Virginia. Mtoto akimuuliza mzazi wake hao ni akina nani, mzazi ataweza kusoma majina mahali fulani. Akiuliza walifanya nini hata wakapewa mlima mzima, jiwe lile halimjibu.

Mimi huwasaidia wazee wetu kujiandaa kwa mtihani wa uraia. Katika orodha ya maswali ya mwaka 2008 limo linalomtaka mtu ataje tatizo moja lililosababisha vita hivyo, na majibu yanayokubalika ni matatu: utumwa, sababu za kiuchumi, au haki za majimbo. Mzee aliyekimbia vita vya Kivu, ambaye anajua vizuri kuliko mimi kwamba jeshi huwa na sababu ya kutangaza redioni na sababu ya kweli, huniuliza ni jibu gani kati ya hayo lililo sahihi. Humwambia kwamba kwa mtihani achague lolote, na kwamba akitaka kujua, asome walichoandika waliojitenga wenyewe, wakati huo ambapo hawakuona sababu ya kuficha.

Sentensi ya pili ya tamko la Georgia inasema kwamba kwa miaka 10 iliyopita wamekuwa na malalamiko mengi na mazito dhidi ya majimbo yasiyomiliki watumwa, kuhusu suala la utumwa wa Waafrika. Wapo wanaosema ugomvi ulikuwa wa ushuru wa forodha. Tamko linautaja ushuru, ni kweli, lakini linautaja kama vita vya siasa ambavyo Kusini ilikwisha kuvishinda kwa sheria ya mwaka 1846, kisha linarudi kwenye utumwa na kubaki huko. Mississippi ilikuwa wazi zaidi: ilisema msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa, ambao iliuita maslahi makubwa kuliko yote ya mali duniani.

Naye Alexander Stephens, mwana wa Georgia hii hii na makamu wa rais wa Shirikisho la Kusini, alisimama mjini Savannah tarehe 21 Machi 1861 akatangaza kwamba jiwe la pembeni la serikali yao mpya ni ukweli mkuu, kama alivyouita, kwamba mtu mweusi hayuko sawa na mzungu, na kwamba utumwa chini ya mzungu ndio hali yake ya asili. Hayo si maneno aliyosingiziwa na adui. Aliyasema mbele ya umati uliokuwa ukimshangilia.

Kuhusu haki za majimbo, Mheshimiwa, hoja hii huvunjwa na walioitumia. Majimbo ya Kaskazini yalipotumia haki zao kukataa kuwarudisha watumwa watoro, Kusini ililalamika kwamba serikali kuu haiyabani vya kutosha kutekeleza sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha watoro hao. Na Kusini ilipopata nafasi ya kuandika katiba yake, iliweka kifungu kinachokataza kupitisha sheria yoyote ya kupunguza haki ya kumiliki watumwa weusi.

Nakubali pia yale wanayoyasema wapinzani wangu yaliyo na ukweli. Rais Abraham Lincoln hakuingia vitani ili kuwaweka huru watumwa. Aliingia kuuokoa Muungano, na tangazo lake la uhuru lilikuja tarehe 1 Januari 1863, vita vikiwa vimeshakula maelfu kwa maelfu. Askari wengi wa Kusini walikuwa wakulima maskini wasiomiliki mtumwa hata mmoja, na wapo waliokufa kwa kulinda vijiji vyao tu. Kilichompeleka kijana vitani ni jambo moja, na kilichoifanya serikali yake ivianzishe ni jambo jingine. Makaburi ya vijana hao yatunzwe, sina neno. Lakini mwaka 1860 Georgia ilikuwa na watu zaidi kidogo ya milioni 1, na kati yao kama 462,000 walikuwa watumwa. Hao nao walikuwa watu wa Georgia. Tunapoambiwa kwamba mlima ule ni urithi wa jimbo, ni wa nusu ipi ya jimbo?

Wala pamba waliyolima haikuishia hapa. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts ikawa kitambaa cha merikani, kikapakiwa melini kwenda Zanzibar na kutoka huko kikabebwa na misafara hadi bara, kwa hiyo babu zetu walikivaa bila kujua kilitoka mikononi mwa nani.

Mchongo wenyewe una historia ambayo haikutoka vitani. Novemba 1915 watu wachache walipanda juu ya mlima ule, wakachoma msalaba na kuifufua Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililotumia ugaidi dhidi ya watu weusi. Uchongaji ulianza mwaka 1923, fedha zikakwisha, na kwa zaidi ya miaka 30 jiwe likakaa na kazi nusu. Jimbo lililinunua eneo hilo mwaka 1958, miaka minne baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuharamisha ubaguzi katika shule, chini ya gavana Marvin Griffin ambaye alikuwa ameapa kuulinda ubaguzi huo. Agosti 1963 Martin Luther King, mzaliwa wa Atlanta, aliutaja mlima huu mjini Washington akitamani uhuru uvume kutoka kileleni pake; mwaka uliofuata wachongaji walirudi kazini. Mchongo ulizinduliwa Mei 1970. Kwa hiyo anayesema kuugusa ni kufuta historia ya mwaka 1861 anatetea, kwa sehemu kubwa, uamuzi wa wanasiasa ambao baadhi ya wapiga kura wako wanawakumbuka kwa sura.

Najua kuna hatua zilizochukuliwa. Mwaka 2021 bodi iliziondoa bendera za Shirikisho kwenye njia ya kupandia mlima, na mwaka 2023 Bunge la Jimbo lilitenga dola milioni 11 kwa maonyesho mapya ndani ya ukumbi wa hifadhi na ukarabati wake. Mwaka 2025 tawi la Georgia la Sons of Confederate Veterans, chama cha wazao wa askari wa Kusini, lilifungua kesi kuyapinga. Hata wakishindwa, maonyesho yatakuwa ndani ya jengo, na wengi wetu tunaokwenda na watoto na vikapu vya chakula hatuingii humo. Ndiyo maana naomba maneno hayo yawe nje. Tena hayaongezi wala kupunguza kitu kwenye mchongo, na sidhani kama kuna wakili atakayeweza kusema kwamba kuwanukuu waasisi wa Shirikisho ni kulivunjia heshima.

Kuhusu Lee, alipoalikwa mwaka 1869 kusaidia kuweka alama za kudumu kwenye uwanja wa mapigano wa Gettysburg, alikataa kwa barua akisema ni busara zaidi kutoviacha wazi vidonda vya vita. Hakusikilizwa.

Pembeni mwa tamko la 1861 naomba liwekwe azimio la Bunge la Georgia la tarehe 6 Desemba 1865, lililoridhia Marekebisho ya 13 ya Katiba. Georgia ilikuwa jimbo la 27 kuridhia, na ndiyo iliyokamilisha idadi iliyohitajika ili utumwa upigwe marufuku nchi nzima. Sijawahi kukutana na mwanafunzi wangu wa uraia aliyewahi kuambiwa hivyo. Iwapo bodi itasema haina fungu la kazi hiyo, naomba tujulishwe gharama yake kwa maandishi, ili wananchi tunaotaka kuchangia tujue pa kuanzia.

Wako katika kulitumikia jimbo,

Mkazi wa Clarkston, Kaunti ya DeKalb