Takwimu ni za bure, basi mbona tunatoza?

“Si hizi namba zipo bure kwenye mtandao wa Umoja wa Mataifa?” Swali hili haliishi. Wiki jana aliliuliza mteja mmoja kwa uchungu, akisema tumemlangua. Tulikuwa tumemtoza kazi ya siku sita: kulinganisha uagizaji wa rojo ya mbao, malighafi ya karatasi, kati ya China na Ujerumani kwa miaka 30. Ndugu yake akapakua jedwali kwa dakika tano na kumtumia.

Namba ni za bure kweli. Tunachotoza ni kazi ya kuzisafisha mpaka nchi mbili zipimwe kwa mizani moja, na jedwali la ndugu yake limetupa mfano mzuri.

Alipakua sura ya 47 ya misimbo ya forodha, yaani namba za kupanga bidhaa, yote kwa jumla. Ndani ya sura hiyo, 4701 hadi 4705 ni rojo ya mbao, lakini 4707 ni karatasi chakavu. Basi chati yake ikaonyesha China ikiporomoka baada ya 2017, na mteja alikuwa karibu kuwaambia wakubwa zake kwamba China haina tena njaa ya nyuzi za kutengenezea karatasi. Kumbe kilichoporomoka ni chakavu. Mwaka 2017 China iliingiza zaidi ya tani milioni 25 za karatasi chakavu. Tangu Januari 2021, ilipopiga marufuku taka ngumu kutoka nje, kilichobaki ni kidogo mno. Rojo ilikuwa inapanda miaka hiyohiyo, kwa sababu viwanda vilihitaji nyuzi kutoka mahali pengine. Vingine vikaanza kusaga chakavu nje ya China na kuiingiza kama rojo, chini ya 4706. Hiyo tuihesabu au tuiache? Hatuamui wenyewe, tunamuuliza mteja anataka kujua nini.

Njia nyingine ya mkato ni kulinganisha dola. Bei ya rojo hupanda na kushuka vibaya. Mwaka 2019 China iliagiza tani nyingi kuliko 2018, ila thamani ilishuka. Aliyetazama dola peke yake aliona soko linasinyaa. Sisi huanza na tani, tena tunatenganisha 4703 ya misonobari na jamii yake na ile ya miti mingine kama mikaratusi, na 4702 tunaiweka kando, maana hiyo huenda zaidi kwenye nyuzi za nguo kuliko kwenye karatasi.

Ujerumani nayo ina mtego wake. Kwenye kumbukumbu za Umoja wa Mataifa, kabla ya 1991 utaikuta Ujerumani ya Magharibi, si Ujerumani iliyoungana. Kuna kazi tuliletewa turekebishe ambapo mshauri alikuwa ameunga mistari hiyo miwili bila kusema, kisha akaeleza mruko wa miaka ya 90 kuwa ni ustawi wa viwanda. Ripoti ilikuwa imeshachapwa, ikabidi ichapwe upya. Gharama ya kuchapa ilizidi tulichotoza.

Na wapo wanaojaza mapengo kwa takwimu za muuzaji. Rojo ya Brazil ikishushwa Rotterdam, bandari ya Uholanzi, ikielekea Ujerumani, Brazil inaweza kuandika Uholanzi, wakati Ujerumani inaandika Brazil. Muuzaji huhesabu bei ya bandarini kwake. Mwagizaji huongeza nauli na bima. Ukichanganya hizo mbili safu moja, umeharibu safu yote.

Siku sita zinaishia hapo: mwaka kwa mwaka, msimbo kwa msimbo, tukigawa thamani kwa uzito. Bei ya tani ikitoka mara kumi ya jirani zake, tunajua mtu alikosea sifuri, tunarudi kwenye chanzo.

Mteja wetu tulimtumia karatasi ya kazi yenyewe, kila seli tuliyoigusa ikiwa na maelezo pembeni. Kuanzia mwezi huu kila ankara itakwenda na karatasi hiyo, pamoja na orodha ya misimbo tuliyoiacha na sababu yake. Bei inabaki ileile.