G13 kwa noti nne tu

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Unasema kodi yako ya G13, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja juu ya G, inalia kama sufuria zimeanguka jikoni, ilhali noti zote umeziweka. Kosa ni hilohilo la kuziweka zote.

Hesabu kuanzia G: A ni 2, B 3, C 4, D 5, E 6, F 7. Ukivuka oktava, A inaitwa 9, C inaitwa 11, E inaitwa 13. Hiyo F ni ya kawaida, siyo F shapu ya skeli ya G, na ndiyo inayoifanya kodi itake kwenda C. (Kodi ya kinanda, siyo ya mwenye nyumba.) Ukizipiga zote saba, umeikalia skeli nzima ya C.

Toa C kwanza. Iko nusu toni tu (hatua ndogo kabisa ya kinanda) kutoka B, na B ndiyo inayotambulisha kuwa kodi ni meja, yenye mlio mchangamfu, siyo maina yenye mlio wa huzuni. C ikikaa juu yake zinakwaruzana na sikio halijui lishike ipi. D nayo itoke, maana haiongezi kitu: ukipiga G nzito, D tayari inasikika ndani ya mlio wake. Ukiwa na mpiga besi, hata G mwachie yeye. Bill Evans, mpiga piano wa jazi, alicheza hivyo sana. Sikiliza rekodi za Juni 1961 pale klabu ya Village Vanguard, New York, Scott LaFaro akiwa kwenye besi.

Zinabaki F, A, B, E. Mkono wa kushoto: kidole cha 5 (kile kidogo) kwenye F iliyo chini ya C ya katikati, cha 3 kwenye A, cha 2 kwenye B, gumba kwenye E. A na B zimebanana makusudi, usizitenganishe. Utamu uko hapo. Ila ukiushusha mkono oktava moja, mbanano huohuo unageuka uji.

Sasa usiipige peke yake, utachoka bure; iweke kati ya kodi mbili nyingine. Kwa kuwa wewe ni mtu wa kwaya, nakupa kwa solfa, do ikiwa C:

Dm9: fa la do mi
G13: fa la ti mi
Cmaj9: mi so ti re

Tazama vidole. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili kinasogea kidole cha 2 peke yake, do kwenda ti. Kutoka ya pili kwenda ya tatu kidole hichohicho kinatulia, vingine vitatu vinashuka hatua moja moja. Ukijikuta unanyanyua mkono mzima, simama, rudia polepole.

Wiki ya kwanza zipige kwa mkono wa kulia, wa kushoto ushike D, G, C chini, ili sikio lijue nyumbani ni wapi. Metronomu iwe mapigo 60 kwa dakika, kila kodi mapigo manne. Kisha uzihamishie kushoto bila besi. Zitasikika tupu siku mbili tatu, vumilia. Pedali iachie na uikanyage upya kila kodi inapobadilika. Usipofanya hivyo, do ya Dm9 inabaki hewani juu ya ti, na umeirudisha ile C tuliyoifukuza.

Jihadhari na kitu kimoja. Ikiwa unaelekea C maina, usitumie E, kwa sababu E ndiyo inayoifanya C iwe meja, na itakusaliti kabla hujafika. Shusha E na A nusu toni: F, A flati, B, E flati.

Ukienda ufunguo wa F, umbo hili la noti litapanda juu. Geuza noti zilezile: Gm9 iwe F A B♭ D, C13 iwe E A B♭ D, Fmaj9 iwe E G A C. Hapa kinachosogea kwanza ni kidole cha 5, vingine vinasubiri. Kwa umbo hili na lile la kwanza utafika funguo zote 12. Kipimo changu ni kwamba noti ya chini isishuke sana kupita ile E ya Cmaj9, wala isifike C ya katikati.

Na kile kitufe cha kinanda kinachohamisha ufunguo, ambacho wapiga wengi wa kanisani hawakiachi, kibandike karatasi mpaka umalize funguo za F, B♭ na E♭.

Wako katika muziki.